Hesi za Milimita 42

Lenzi za kamera zetu za kwanza zilifungwa kwa kuzungushwa, hesi ndani ya hesi, kama kifuniko cha chupa ya chai. Mdomo wa kamera ulikuwa na kipenyo cha milimita 42, na kila mzunguko mmoja ulizamisha lenzi milimita 1. Ulizungusha mpaka ikagoma, ukaanza kazi. Zenit ya Warusi ilikuwa na mdomo huo. Praktica ya Dresden, huohuo. Pentax za zamani za Wajapani nazo, huohuo. Dunia ilikuwa imegawanyika kambi mbili zilizoelekezeana makombora, lakini lenzi iliyotengenezwa Jena, Ujerumani Mashariki, ilikaa kwenye kamera ya Kijapani na picha ikatoka. Sisi tulioingia kazini nyakati hizo hatukuona ajabu yoyote. Tulidhani ndivyo kamera zilivyo.

Kwetu zilifika kwa njia za siasa zaidi kuliko za biashara. Vijana waliokwenda kusoma Moscow walirudi na Zenit begani, maana kule zilikuwa nafuu, na Zenit E haikuhitaji betri hata moja: kipimo chake cha mwanga kilikuwa cha seleniamu, kinapata nguvu kutoka kwenye mwanga wenyewe. Praktica tulizihusisha na Unguja. Baada ya Mapinduzi ya 1964 Zanzibar iliitambua Ujerumani Mashariki, wahandisi wakaja, majumba ya Kikwajuni na Michenzani yakainuka, na waliofanya kazi na Wajerumani hao hawakukosa kubaki na Praktica moja mbili. Katika studio niliyojifunzia kazi, Dar es Salaam, miili ya kamera ilipangwa rafu ya juu na lenzi rafu ya chini, bila ndoa baina yao. Anayetoka kwenda harusini alichukua mwili wowote na lenzi yoyote.

Hesi hizo zilianzia Dresden. Contax S ilitoka nazo mwaka 1949, Praktica ikazitumia, na mwaka 1957 kampuni ya Asahi ya Japani ikazichukua kwa Pentax yake ya kwanza. Kilichozisambaza ni wepesi wake. Kiwanda chochote chenye mashine ya kukerezea kiliweza kuzichonga. Hapakuwa na lugha ya siri ya kufumbua wala chipu ya kubembeleza.

Lakini kipenyo ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni umbali kutoka ukingo wa mdomo wa kamera hadi kwenye filamu, na kwa hesi za milimita 42 umbali huo ni milimita 45.46. Kila lenzi husanifiwa kwa umbali wake. Ukiisogeza mbele hata kwa milimita 1, vitu vya mbali havishiki fokasi tena. Mtu anaweza kupiga picha maisha yake yote bila kuijua namba hiyo, mpaka siku atakapotaka kufunga lenzi ya kamera moja kwenye kamera nyingine. Canon EOS, kwa mfano, ina milimita 44. Imepungukiwa milimita 1.46, nafasi ya kutosha kuweka pete nyembamba ya chuma, na Helios ya Zenit ikikaa hapo inaona mpaka upeo wa macho. Nikon ina milimita 46.5. Imezidi kwa milimita 1 na ushei, na ziada hiyo haina pete ya kuipunguza. Bibi harusi aliye hatua mbili mbele atatoka vizuri; mlima ulio nyuma yake hautatoka hata ukizungusha mpaka usiku, labda utie kioo cha kurekebisha ndani ya adapta, na vioo vya bei rahisi vya aina hiyo huiharibu picha yote.

Enzi hiyo ilikuwa na adha zake, na wanaoisimulia leo huzipunguza. Kubadilisha lenzi kulichukua muda, na harusini muda ndio kitu kisichokuwepo. Ukizungusha kwa pupa hesi zinapanda upande, unarudi nyuma kuanza upya huku bwana harusi ameshavishwa pete. Helios 44-2, lenzi iliyokuja na Zenit nyingi, ilikuwa na pete mbili kwa ajili ya tundu la mwanga: moja ya kuchagua kipimo, nyingine ya kulifungua ili uone vizuri wakati wa kutafuta fokasi, kisha ulifunge tena kabla ya kupiga. Ukilisahau wazi, mwanga unaila sura ya mtu.

Na hesi zenyewe zilikuwa na kilema cha kuzaliwa nacho. Zilishika lenzi, hazikuweza kuiambia kamera chochote. Kila lenzi iligomea mahali pake, hii mbele kidogo, ile nyuma kidogo, kwa hiyo kijiti cha kupeleka habari za tundu la mwanga hakikuwa na pa kugusa kwa uhakika. Wenye viwanda wakaanza kuongeza vyao. Praktica LLC ya mwaka 1969 iliweka vidoto vitatu vya umeme nyuma ya lenzi. Olympus wakaja na kijino chao, Fujica wakaja na chao. Kwa nje hesi zilikuwa zilezile milimita 42. Kwa ndani kila nyumba ilishaanza kusema kilugha chake. Wanaoilaumu digitali kwamba ndiyo iliyoleta mfarakano wangefungua Fujica moja ya zamani kwanza.

Wapo waliohama kwa adabu. Leica walipoacha hesi zao za milimita 39 mwaka 1954 na kuingia mdomo mpya wa M, waliupunguza umbali kutoka milimita 28.8 hadi 27.8. Tofauti ni milimita 1 kamili, yaani unene wa pete ya kuiwezesha lenzi ya zamani kukaa kwenye kamera mpya na kufanya kazi kama kawaida. Pentax walipoacha hesi mwaka 1975 na kuingia mdomo wa K, waliubakiza umbali uleule wa milimita 45.46. Hayo si mambo ya bahati. Kuna mtu alikaa na penseli yake akamkumbuka mteja ambaye alishalipa.

Canon walihama usiku. Mwaka 1987 walitoa EOS 650 yenye mdomo mpya kabisa, EF, na lenzi za FD zilizokuwa zikiuzwa tangu 1971 zikabaki nje. Pete haikusaidia, kwa kuwa FD ilisanifiwa kwa milimita 42 na EF ni 44, na kama tulivyoona, ziada haina dawa bila kioo. Fikiria mtu mwenye AE-1, kamera iliyotoka 1976 na kuuzwa kwa mamilioni, na lenzi nne alizozikusanya kwa kujinyima. Vijiweni mwetu Canon walisemwa vibaya kwa miaka mingi, na Nikon wakapewa sifa za uungwana, kwa sababu mdomo wao wa F wa mwaka 1959 waliubakiza palepale.

Leo hesabu ile ukiipiga upya inakuja na majibu ya kukera. Canon, kwa ujeuri wao, walifanya kila kitu kiende kwa umeme tangu siku ya kwanza: mota ya fokasi ndani ya lenzi, tundu la mwanga likifunguka kwa amri ya waya, mdomo mpana wa milimita 54. Ndiyo maana lenzi ya EF ya mwaka 1987 inakaa kwenye kamera za RF zilizoanza 2018, kwa adapta isiyo na kioo, na inashika fokasi yenyewe. Nikon nao waliubakiza mdomo, wakawa wanabadilisha yaliyomo ndani. Mwaka 1977 wakaleta AI, iliyoweka kijino pembezoni mwa mdomo. Lenzi za kabla yake zikifungwa kwa nguvu huweza kukivunja, na mafundi wenye tupa wakapata kazi ya kuchonga pete za watu. Mwaka 1986 ikaja fokasi ya kujiendesha, mota ikiwa kwenye kamera na kuizungusha lenzi kwa kijibisibisi. Kisha mota ikahamia ndani ya lenzi. Kisha pete ya tundu la mwanga ikaondolewa. Kisha tundu lenyewe likawa la umeme. Yote hayo yalipita kwenye mdomo uleule, na ukitaka kujua lenzi gani inafanya nini kwenye kamera gani unahitaji jedwali.

Mfano ninaoupenda ni D40, kamera ndogo ya bei ya chini ya mwaka 2006. Hawakuitia mota, kwa hiyo lenzi za AF za 1986 na nyingi zilizofuata unazizungusha kwa mkono. Hawakuitia kile kijino cha AI pia, kwa hiyo lenzi za mwaka 1959, zile zinazoweza kuvunja kamera za bei kubwa, zinaingia kwake salama salimini. Inampokea babu kwa heshima zote na kumnyima baba nusu ya haki zake. Na mwaka 2018, Nikon walipoingia mdomo mpya wa Z, adapta yao rasmi haikuwa na mota, na lenzi zile za AF zikawa za mkono tena.

Digitali ilipotufikia tuliambiwa lenzi zetu zitaendelea kutumika, na kweli ziliingia. Zilichokuja kupoteza ni upana. Filamu yetu ilikuwa milimita 36 kwa 24; sensa ya Canon EOS 300D ya mwaka 2003 ilikuwa milimita 22.7 kwa 15.1. Lenzi ya milimita 28, tuliyoitegemea kwa picha ya ukoo mzima, ikawa inaona kama ya milimita 45. Wasiopiga harusi za pwani hawataelewa uzito wa maneno hayo. Picha ya ukoo haina mtu wa kupunguzwa: shangazi wa Pangani amekuja na basi tangu alfajiri, watoto wa mjomba wamekaa chini, kina bibi wako kwenye viti, na mpiga picha anarudi nyuma, anarudi nyuma, mpaka mgongo umegusa meza ya keki, na bado mashangazi wawili wa pembeni hawamo. Suluhisho lilikuwa kununua lenzi pana zilizosanifiwa kwa sensa ndogo. Halafu kamera za sensa kubwa zikashuka bei, na lenzi hizo, ambazo Canon waliziita EF-S, hazikuingia kwazo, kwa kuwa kioo kikubwa kinachoinuka ndani ya kamera kingezigonga.

Ahadi iliyonigusa kuliko zote ilitolewa mwaka 2002. Olympus na Kodak walitangaza mfumo wa Four Thirds, uliosanifiwa kwa ajili ya digitali tangu mwanzo: sensa ya milimita 17.3 kwa 13, mdomo mmoja, na lenzi ya mwanachama yeyote kukaa kwenye kamera ya mwanachama yeyote. Olympus E-1 ikatoka mwaka uliofuata. Panasonic wakaingia, Leica na Sigma pia. Kwa mtu aliyeionja ile rafu ya lenzi zisizo na ndoa, habari hizo zilikuwa za kusomwa mara mbili. Ila mwaka 2008 Olympus na Panasonic wenyewe walitangaza mfumo mwingine, Micro Four Thirds, usio na kioo cha kuinuka, wenye umbali wa milimita 19.25 badala ya 38.67. Lenzi za awali ziliingia kwa adapta, lakini nyingi zilisuasua kutafuta fokasi. E-5 ya mwaka 2010 ikawa kamera ya mwisho ya mfumo ule wa kwanza. Kodak wakaomba ulinzi wa mufilisi mwaka 2012, na mwanzoni mwa 2021 Olympus wakaikabidhi biashara yao ya kamera kwa kampuni nyingine. Huo wa Micro bado upo hai na bado ni wa zaidi ya kampuni moja, jambo ambalo wanaoucheka kwa udogo wa sensa yake hawalitaji.

Wengine waliondoka kimya. Samsung walianza NX mwaka 2010, wakatoa NX1 iliyosifiwa sana mwaka 2014, kisha wakajitoa. Nikon 1 iliishi kuanzia 2011 hadi 2018. Minolta waliuza kamera zao kwa Sony mwaka 2006. Sony wakautunza mdomo wa A kwa muda, wakauacha 2021. Kisa cha EF-M ya Canon ndicho kinachoniumiza kichwa. Ilianza 2012 ikiwa na umbali wa milimita 18. Miaka sita baadaye kampuni ileile ikatoa RF yenye milimita 20. Milimita 2 upande usio sahihi. Hakuna pete inayoweza kuziunganisha, na ndugu wawili wa tumbo moja hawaazimani kitu.

Lenzi ikifiwa na mfumo wake siku hizi hufiwa kweli. Ile ya zamani ilibaki na pete ya fokasi iliyoshikana na vioo, na pete ya tundu la mwanga yenye namba zilizochongwa; mikono miwili ilitosha. Nyingi za sasa ukizungusha pete ya fokasi hujasogeza kioo chochote. Umetuma ombi tu, na kama hakuna umeme wala kamera inayoielewa lugha yake, ombi halina wa kulipokea. Tundu la mwanga linabaki lilipoachwa.

Kuelewana wanaweza, wakitaka. Kwenye kadi za kumbukumbu tulianza na vurugu: SmartMedia, xD, Memory Stick, CompactFlash, kila moja na tundu lake, na mwenye duka akikuuzia isiyo yako hairudishwi. Mwaka 2010 hata Sony, wenye Memory Stick yao, walianza kupokea SD. Na tangu mwishoni mwa 2024 sheria ya Umoja wa Ulaya inataka simu, na kamera za digitali pia, zichajiwe kwa USB-C. Mdomo wa lenzi sheria haikuugusa. Mwili wa kamera mtu huubadilisha kila baada ya miaka michache. Lenzi hukaa nazo, na kadiri anavyozidi kuzikusanya ndivyo inavyokuwa ghali kuhama. Kampuni inayojua hilo haina haraka ya kuachia ufunguo. Sony waliachia mapema: mwaka 2011 waliwapa watengenezaji wengine maelezo ya msingi ya mdomo wa E bila malipo, na leo uchaguzi wa lenzi zake ni mpana ajabu. Leica, Panasonic na Sigma waliungana mwaka 2018 kwenye mdomo wa L. Canon mwaka 2022 waliwataka Viltrox waache kuuza lenzi zao za RF, kisha 2024 wakawafungulia Sigma na Tamron mlango kidogo, kwa lenzi za sensa ndogo.

Wakati wote huo zile Helios zilikuwa zinakula vumbi, mpaka kioo cha kuinuka kilipoondolewa kwenye kamera. Bila kioo, mdomo umesogea karibu na sensa: milimita 20 kwa Canon RF, 18 kwa Sony, 17.7 kwa Fujifilm, 16 kwa Nikon Z. Ukiwa na lenzi ya milimita 45.46, kila moja ya kamera hizo inakuachia nafasi ya zaidi ya sentimita mbili. Unaijaza kwa bomba fupi la chuma lisilo na kitu ndani, la bei ya chakula cha mchana cha watu wachache, na lenzi ya Warusi inakaa popote. Hata kwenye Nikon, ile iliyoikataa kwa milimita moja. Na vijana wanazitafuta kwa udi na uvumba, kwa ajili ya ule ukungu wa nyuma unaozunguka, tabia iliyorithiwa kutoka Biotar ya Zeiss ambayo Helios iliigwa kwake. Zamani tabia hiyo tuliihesabu kuwa kasoro.

Kijana mmoja wa hapa mtaani, anayepiga picha za kabla ya harusi, alikuja kuiazima yangu akiwa na Sony mpya kabisa na bomba lake la adapta mfukoni. Jioni akanipigia simu kutoka Bagamoyo, maharusi wamesimama mchangani na jua linazama.

"Shikamoo mzee. Kamera imegoma. Inasema haina lenzi."

"Marahaba. Ingia kwenye menyu, tafuta pa kuiruhusu ipige bila lenzi."

Kimya kidogo, sauti ya vitufe.

"Imekubali. Lakini mzee, bado inasema haina lenzi."

"Iache iseme. Wewe zungusha."

Alipiga mpaka giza likaingia. Wiki iliyofuata alinionyesha picha kwenye kompyuta: bibi harusi mkali kope kwa kope, na minazi nyuma yake imevurugika vizuri. Kwenye maelezo ya kila faili kamera imeandika jina lake, saa, tarehe, kasi, na mahali pa lenzi imeweka vistari viwili. Akaniuliza kama ninauza. Nikamtajia bei, akafungua simu kunionyesha kwamba mtandaoni ni nusu yake, na hapo ndipo tulipo mpaka sasa.